Redio-taa ya kuzungusha kwa mkono: inafaa kwa nyumba yenye mtu mwenye changamoto ya afya ya akili msimu wa upepo na mvua?

Nianze na jibu, maana wengi wanataka kujua kama watoe hela au wasitoe. Redio-taa hii ni ya kununua, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi lake. Boksi linakuuzia mkono wa kuzungusha, paneli ya sola na king'ora. Kwa nyumba ya Mbeya, Njombe au Iringa yenye mtu anayepatwa na hofu za ghafla, mwenye sonona, baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au anayesikia sauti, hivyo ndivyo vitu vya mwisho kwa umuhimu, na kimoja kinaweza kumdhuru. Kinacholipa hela yako ni taa yake ya mwanga hafifu na redio ya FM inayokesha hata umeme ukikatika jioni na kurudi kesho yake mchana. Nayo pia uirekebishe kidogo kabla hujaiweka chumbani kwa mgonjwa.

Ninayoizungumzia ni ile ya mstatili, nyekundu au kijani, inayoenea mkononi. Juu ina paneli ndogo ya sola, ubavuni mkono unaokunjuka, mbele spika, upande mmoja tochi, na chini ya paneli kuna taa ya kusomea inayoonekana ukiifunua. Nyuma kuna kizibo cha mpira kinachofunika matundu ya USB. Inauzwa kwa majina mengi, lakini ukiifungua ndani ni mashine ileile. Iulizie kwenye maduka ya vifaa vya umeme na simu Mwanjelwa, Makambako mjini au Mashine Tatu pale Iringa. Bei zinapishana sana duka kwa duka, na bei ya juu haina maana kwamba betri ni kubwa zaidi.

Kifaa cha aina hii kimelenga zaidi watu wa vimbunga vya bahari ya Atlantiki, hasa Marekani. Kule msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na dhoruba huhesabiwa kuwa kimbunga pale upepo wake unapofika kilomita 119 kwa saa. Baada ya kimbunga Maria kupiga Puerto Rico Septemba 2017, kuna maeneo yalikaa karibu mwaka mzima bila umeme. Baada ya Katrina ya mwaka 2005, watafiti walikuta kiwango cha ugonjwa mkubwa wa akili katika maeneo yaliyoathirika kimepanda kutoka takriban asilimia 6 hadi 11. Watu wa kule wamejifunza kwamba nyumba bila habari na bila taa haikai salama, hata kama kuta zimesimama. Ndiyo maana mashine hii inapendwa kule.

Kwetu hali ni nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kipi kwenye mashine hii kitakusaidia. Kimbunga kinakula joto la bahari. Kikiingia nchi kavu kinaanza kufa. Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024 na nguvu zikakiishia. Freddy kiliivuruga kusini mwa Malawi, nchi inayopakana na Kyela, Machi 2023, na uharibifu mkubwa ulitokana na mvua na matope. Sisi wa huku juu hatupigwi na kimbunga chenyewe. Tunapigwa na mvua za Novemba hadi Aprili (Tukuyu na Kyela haziishii hapo), na ule upepo wa ghafla unaotangulia radi na kufumua mabati ya shule na nyumba. Tena kuna udongo kushuka: watu wa Itezi jijini Mbeya hawajasahau Mlima Kawetere ulivyoporomoka Aprili 2024. Mtu ambaye tayari hana utulivu moyoni hahitaji kimbunga ili azidiwe. Mvua kubwa juu ya bati lisilo na silingibodi, umeme umekatika, saa nane usiku, inamtosha.

Kitufe cha WB: kizibe siku hiyohiyo

Kwenye swichi ya masafa utaona AM, FM na WB. WB ni masafa ya hali ya hewa ya Marekani, kati ya megahezi 162.400 na 162.550, ambako kule taarifa za hewa hutangazwa mchana na usiku. Tanzania hakuna anayetangaza hapo. Ukiweka WB ukiwa Uyole au Mafinga utapata mchakacho mtupu.

Kwa mtu mwenye afya huo mchakacho ni kero tu. Kwa anayesikia sauti ni hatari. Ubongo wa binadamu ukipewa kelele isiyo na maneno hujaribu kutafuta maneno ndani yake, na kwa mwenye skizofrenia au aliyekosa usingizi usiku wa pili maneno hayo yanaweza kupatikana, na mara nyingi huwa ya kutisha au ya kuamrisha. Hali huwa hivyohivyo redio ikiachwa katikati ya stesheni mbili, ambapo sauti ya mtangazaji inakuja na kupotea.

Kwa hiyo, weka swichi kwenye FM kisha uifunge kwa tepu nyeusi ya umeme, mizunguko miwili. Usitumie gundi ya maji ile inayokauka haraka, inapenya ndani na kugandisha swichi nzima. Halafu tafuta stesheni moja inayoshika vizuri mchana, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye dirisha la namba, na uwafundishe wote nyumbani kwamba redio ikianza kukwaruza inazimwa. Usiku wa dhoruba si wakati wa kutafuta stesheni.

Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja na mlima huyakata. Nyumba iliyo bondeni Rungwe au chini ya safu ya Livingstone inaweza isipate kabisa stesheni ambayo jirani wa juu ya kilima anaipata safi. Vuta antena yote, isimamishe karibu na dirisha lililo mbali na mlima, na uijaribu kabla ya msimu. Mbeya watu husikiliza Bomba FM, Iringa Ebony FM, na TBC Taifa kwa habari za nchi nzima. Chagua inayosikika nyumbani kwako bila mkwaruzo, hata kama si unayoipenda. Radi ikiwa karibu, rudisha antena ndani na uiweke redio mbali na dirisha.

Taa

Hapa ndipo mashine inapojilipia.

Ina taa za aina mbili. Tochi ya mbele ni kali, nyeupe yenye ubluu, na inafaa kwa kutoka nje kuangalia bati au mfereji. Usiiwashe chumbani kwa mtu mwenye baipola au anayehangaika kulala. Mwanga mweupe wenye ubluu mwingi huuambia mwili kwamba bado ni mchana na kuchelewesha usingizi, na kwa mwenye baipola usiku mmoja au miwili bila kulala unaweza kufungua mlango wa wazimu wa kupanda: maneno mengi, mipango mikubwa, hasira, kutumia hela hovyo. Ndugu wengi wanasema mgonjwa alizidiwa kwa sababu ya kuogopa upepo. Mara nyingi ukifuatilia utakuta hakulala.

Taa ya kusomea ndiyo ya chumbani. Ifunike kwa karatasi ya rangi ya chungwa au ya kaki, tabaka moja, ishikwe kwa tepu pembeni tu. Taa za LED za ukubwa huu hazipati joto la kuunguza karatasi. Mwanga unaobaki unatosha kuona mlango, sufuria ya maji na sura ya mtu aliyelala kitanda cha pili.

Sasa iweke wapi? Wengi huiweka sakafuni au kwenye kiti, na hapo ndipo wanapoharibu. Taa ikiwa chini, kila kinachosogea hutupa kivuli kikubwa ukutani: pazia linalopepea, mtoto aliyejigeuza, kanga iliyotundikwa kwenye msumari. Upepo ukiingia kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na bati, vivuli vyote vinacheza kwa pamoja. Kwa mwenye shuku au kiwewe, ukuta mzima unakuwa na watu. Itundike juu ya usawa wa vichwa, kwenye kenchi au msumari wa ukutani, kwa waya uliokunjwa ndoano mbili ili isizunguke, uso wa taa ukiangalia ukutani badala ya kitandani. Mwanga utakaorudi ni laini na vivuli vitakuwa vifupi. Kamba ya mkono inayokuja nayo usiitegemee, inazunguka na taa inazunguka nayo.

Tochi pia ina mtindo wa kumwekamweka, hupatikana ukibonyeza mara ya tatu kwenye mashine nyingi. Kuna watu wenye kifafa ambao mwanga wa namna hiyo huwaamshia degedege, na kwa kuwa huku kwetu kifafa hutibiwa kliniki ileile ya afya ya akili, baadhi ya nyumba zinazohitaji taa hii zina mtu mwenye kifafa. Waonye watoto wasiuchezee.

Mbadala wa taa hii kwa wengi ni mshumaa au koroboi. Kwa mtu aliyemeza dawa inayolaza usingizi mzito, mshumaa ndani ya chumba chenye upepo ni moto unaosubiri pazia. Na kwa baridi ya Makete au Mbeya mjini mwezi wa tano na wa sita, watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Hewa yake haina harufu na inaua. Redio-taa haitakupa joto, lakini angalau inaondoa kisingizio cha kuwasha moto ili kupata mwanga.

King'ora

Kitufe chekundu, kimeandikwa SOS, kipo ubavuni pale kidole kinapofika ukiishika gizani. Ukikigusa, mashine inapiga kelele kali na tochi inamwekamweka. Mtu mwenye kiwewe aliyeamshwa hivyo saa tisa usiku katikati ya upepo anaweza kukimbia nje, na nje kuna mabati yanayoruka.

Kuna mafundi wanaoshauri kufungua skrubu na kukata waya wa king'ora. Sikubaliani nao. Kwa wanaoishi chini ya mteremko, udongo ukishuka, king'ora ndicho kitakachowaonyesha waokoaji mahali pa kuchimba. Kifunike badala ya kukiua: chukua kifuniko cha chupa ya soda ya plastiki, kiweke juu ya kitufe, kishike kwa tepu. Anayekihitaji atakibandua, anayepapasa gizani hatakigusa. Kisha kipige mara moja mchana, watu wote wakiwa wameambiwa kabla, ili sauti yake isiwe ngeni kwa mtu yeyote.

Umeme wake, kwa hesabu

Betri ya kawaida ndani ni ya lithiamu, volti 3.7, imeandikwa 2000 mAh. Zidisha 3.7 kwa 2000, gawanya kwa elfu moja, upate wati-saa 7.4. Hiyo ndiyo ndoo nzima uliyo nayo kwa usiku.

Taa ya kusomea ikila nusu wati, kwenye karatasi ni karibu saa 15. Toa upotevu, hesabu 10 hadi 12. Usiku mmoja umepita. Redio kwa sauti ya chini inakula pungufu ya hapo, chini ya robo wati, kwa hiyo ukiisikiliza nusu saa jioni na nusu saa alfajiri haiathiri kitu. Tochi kali ndiyo mlaji: saa tano au sita na betri imeisha.

Simu sasa. Simu janja ya betri ya 5000 mAh inahitaji wati-saa 18 na zaidi. Ukiiunganisha kwenye redio-taa utaipandisha robo, labda theluthi, kisha unabaki gizani. Usifanye hivyo. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye betri ya 800 au 1000 mAh kinajaa na chaji inabaki, na kitochi ndicho kinachopiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya Polisi, ama 199 ya Wizara ya Afya. Nyumba yenye mgonjwa iwe na kitochi kimoja chenye laini yenye salio, na namba ya muuguzi wa kliniki iandikwe kwenye karatasi, si ndani ya simu peke yake.

Paneli ya juu ni ndogo, hata nusu wati haifiki kwa nyingi. Kwa jua kali la muda wa saa tano hupati hata wati-saa mbili na nusu, maana yake siku tatu au zaidi za jua safi ili kujaza betri. Ukungu wa Uporoto au mawingu ya Februari hushusha hata hicho kidogo hadi sehemu ndogo sana. Kwa maneno mengine, paneli inafanya kazi vizuri miezi ambayo huihitaji. Ichaji kwa umeme wa TANESCO mapema, kabla mawingu hayajafunga, na baada ya hapo kila tangazo la angalizo likitoka. Ikikaa kabatini bila kuguswa kuanzia Juni hadi Oktoba betri hujimaliza na nyingine hazifufuki. Ichaji walau kila baada ya miezi mitatu, isifike sifuri.

Angalia pia uongo wa namba. Betri ya duara ya 18650, ambayo ndiyo inayotumika kwenye nyingi za hizi, kwa ukweli haivuki sana 3500 mAh. Ukiona imeandikwa 9900, muuzaji anakuuzia karatasi. Nzima huwa na uzito wa takriban gramu 45. Ikiwa nyepesi kupita kiasi mkononi, iache.

Mkono wa kuzungusha

Mkono wa mashine ndogo kama hii unatoa kama wati moja ukizungusha kwa bidii. Kujaza betri tupu kungekuchukua saa saba na zaidi za mikono, na hakuna atakayefanya hivyo. Dakika moja ya kuzungusha inakupa dakika tano hivi za redio ya sauti ya chini. Ni akiba ya kusikiliza taarifa moja, basi.

Hata hivyo mkono una faida ambayo boksi halikuitaja. Mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla, moyo unakwenda mbio, pumzi fupi, vidole vinachoma, anahitaji kazi ya mikono yenye mpigo. Mpe azungushe, mizunguko miwili kwa sekunde, avute pumzi kwa mizunguko minane na aitoe kwa kumi na miwili. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Baada ya dakika tano hadi kumi wimbi la hofu kwa kawaida huanza kushuka lenyewe, na mkono umempa cha kushika wakati akisubiri. Asizungushe kwa kasi ya hasira: gia za ndani ni za plastiki, meno yanasagika, na pini inayoshika mkono hukatika ukiuvuta kwa pembeni. Shika mwili wa mashine karibu na mkono, usishike upande wa mbali. Ubaya wake ni mvumo. Chumba cha watoto wadogo kitaamka.

Habari: kidogo, kwa saa maalumu

Redio ikiwashwa mchana kutwa wakati wa dhoruba inakuwa adui. Mwenye wasiwasi akisikia "mvua kubwa" mara thelathini haelewi zaidi ya aliyesikia mara mbili. Anaogopa tu zaidi. Weka nyakati mbili za siku, asubuhi na jioni, na mtu mmoja mtulivu asikilize kisha awaambie wengine.

Anayesikiliza aielewe lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. TMA hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake huandika mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kila kimoja kidogo, wastani au kikubwa. Watu husoma rangi wakaacha hayo mawili. Mvua kubwa kwa TMA ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na tangazo husema "baadhi ya maeneo ya mkoa", yaani inaweza ikapiga Kyela, huku Chunya ikabaki kavu. Aprili 2021 watu wa pwani walikaa roho juu wakisubiri kimbunga Jobo, nacho kikapungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Tangazo ni la kujiandaa, na maandalizi yakishafanyika hakuna sababu ya kuendelea kulirudia masikioni mwa mgonjwa.

Namna ya kumfikishia nayo ina uzito. "Usiogope, hakuna kitu" ni uongo, naye anasikia bati. Mwambie kilichopo na kilichofanyika: "Shikamoo mama. Leo wametoa angalizo la mvua kwa mkoa wetu, uwezekano wastani. Mabati tumeyakagua mchana, msumari uliolegea tumeugonga. Taa hii hapa, imejaa. Tukiona maji yanaingia tutakwenda kwa mjomba, mabegi yako tayari." Maneno mafupi, kisha kaa naye.

Kisichoweza kufanywa na mashine hii

Haiwezi kuwa dawa. Barabara ikikatwa na udongo, daraja likienda, mgonjwa anayechomwa sindano ya mwezi kama flufenazini anapitwa na tarehe, na anayemeza vidonge anaishiwa. Kwenye mfuko ule wa redio-taa weka akiba ya vidonge vya siku 14, ukiomba kliniki mapema kabla ya mvua, pamoja na kadi ya kliniki na karatasi yenye jina la dawa, kipimo na saa. Kama tarehe ya sindano inaangukia kwenye siku za angalizo, muulize muuguzi kama anaweza kuichoma siku chache kabla.

Unyevu wa huku ni adui wa kweli wa vidonge. Kabamazepini, dawa ya kifafa, iliyokaa kwenye unyevu inaweza kupoteza hata theluthi ya nguvu yake, na mgonjwa anaanguka kifafa huku akimeza kila siku. Usizitoe kwenye pakiti ukaziweka kwenye bahasha ya karatasi. Weka pakiti ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mbali na jikoni.

Mwenye kutumia vidonge vya lithiamu (dawa ya baipola) ana hatari yake. Mafuriko yakichafua maji na kuhara kukaanza, dawa hupanda ndani ya damu kwa sababu mwili umeishiwa maji. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, akayumba, akatapika, ulimi ukawa mzito, apelekwe hospitali haraka. Diazepamu na ndugu zake, dawa za kutuliza, haziachwi ghafla kwa aliyezitumia muda mrefu. Degedege linaweza kufuata.

Na kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wa ulanzi Iringa na Njombe ndio huohuo wa mvua, na usiku wa upepo ni rahisi kumpa anayehangaika kikombe ili alale. Pombe juu ya dawa za usingizi hushusha pumzi, na usingizi wake ni wa kukatikakatika. Anaamka saa nane akiwa na wasiwasi maradufu. Komoni na kimpumu ni hivyohivyo.

Mgonjwa akianza kusema maisha hayana maana, au amekaa usiku wa pili bila kulala huku nguvu zinaongezeka, au sauti zinamwamrisha, mashine yoyote iwekwe kando. Mpelekeni kituo cha afya cha karibu ili wampe rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Asiachwe peke yake, na vidonge vyote vishikwe na mtu mwingine.

Nani asinunue

Kama nyumbani mna taa nzuri ya sola yenye kiwango cha chini cha mwanga, na kitochi chenye FM kinachoshika stesheni, mna karibu kila kitu ambacho redio-taa itawapa. Hela hiyo nunueni misumari ya bati yenye mpira na mtu wa kupanda juu kuipiga. Pia kama mgonjwa ana historia ya kuamini kwamba redio inamsema au inampa ujumbe, msiingize redio mpya chumbani kwake bila kuongea na kliniki. Chukueni taa peke yake.

Dukani

Usikubali kuiona ndani ya boksi. Mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, niwashie hii niisikie kwanza." Washa taa ya kusomea uifunike kwa kiganja uone kama inatetemeka, zenye kutetemeka huchosha macho na kichwa. Weka FM, zungusha kitafutio taratibu, sikiliza kama stesheni inakaa bila kuteleza kwa dakika mbili. Zungusha mkono mara ishirini kila upande: ukisikia mruko wa gia, weka chini. Fungua kizibo cha mpira cha nyuma ukifunge tena, kisipobana maji yataingia kwenye matundu. Chomeka waya wa chaji na uhakikishe taa ndogo ya kuonyesha inawaka, kisha uichomoe uone taa ya kusomea haizimiki. Tafuta yenye mfuniko wa betri unaofunguka kwa bisibisi ndogo ya nyota, kwa sababu betri itakufa kabla ya kila kitu kingine, na iliyofungwa kwa gundi haibadilishiki. Risiti iandikwe tarehe na muda wa kurudisha. Siku tatu zinatosha kuijaza, kuikesha usiku mmoja mzima kwa taa ya chini, na kujua kama saa kumi za mwanga zipo kweli.